Bei ikipanda, ankara za zamani nazo zinabadilika: nimekosea wapi?

MtunzaStoo: Wakuu, salaam. Ninasimamia hifadhidata ya duka moja la vipuri vya magari mtaa wa Gerezani, Kariakoo, na tunatumia programu ya MySQL. Chuoni tulifundishwa kwamba taarifa moja ikae mahali pamoja tu, kwa hiyo niliiweka bei katika jedwali la bidhaa, na jedwali la mauzo likabaki na namba ya bidhaa na idadi. Juma lililopita tulipandisha brekipedi kutoka shilingi 25,000 hadi 32,000, na ankara zote za nyuma zikasoma 32,000, ilhali risiti za EFD (mashine ya kodi) walizopewa wateja zinasema vingine.

FundiMajedwali: Ndugu mleta mada, kanuni uliyofundishwa, ambayo chimbuko lake ni makala ya mwaka 1970 ya E. F. Codd, mwasisi wa hifadhidata za majedwali, haina kasoro. Ulichokosea ni kudhani kwamba bei ya leo na bei aliyolipa mteja ni taarifa moja. Ongeza safu ya bei katika jedwali la mauzo, ijazwe wakati wa kuuza na isiguswe tena. Iwe ya aina ya DECIMAL, inayotunza desimali kamili, kwani ukiondoa VAT ya asilimia 18 iliyomo katika 25,000 unabaki na 21,186.44, na FLOAT, aina nyingine ya namba, huhifadhi senti kama hizo kwa makadirio tu.

BintiIlala: Je, si afadhali jedwali la historia ya bei, lenye tarehe ya kuanza na kukoma kwa kila bei, kuliko kuirudia bei katika kila mstari wa mauzo?

FundiMajedwali: Dada, historia hiyo inafaa kwa ripoti, lakini Kariakoo bei ni mapatano. Mteja wa jumla akipunguziwa hadi 23,500, kiasi hicho hakitaonekana popote isipokuwa katika mauzo yenyewe. Mleta mada, rejesha kwanza nakala rudufu ya kabla ya bei kupanda kwenye kompyuta nyingine, usome bei humo, kisha urekebishe ndani ya muamala mmoja, yaani amri zinazokubaliwa au kufutwa kwa pamoja: UPDATE (amri ya kubadilisha) yenye WHERE (sharti la kuchagua mistari), na uhesabu mistari iliyoguswa kabla ya kuandika COMMIT, amri ya kuthibitisha.

MtunzaStoo: Ahsanteni sana. Nakala ya karibuni imegoma kufunguka, kumbe diski ilijaa wakati inaandikwa na hakuna aliyewahi kuijaribu. Ya mwezi uliotangulia imekubali. Bei za mapatano nitaziingiza kwa mkono kutoka kwenye risiti.