Kambi ya vijana ijiendesheje bila kuuza eneo lake?

Mweka hazina, Lushoto

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninatunza fedha za kamati inayosimamia kambi ya vijana ya kanisa huku Lushoto, yenye mabweni, ukumbi, jiko la kuni na eneo kubwa la miti linalopakana na mashamba ya wanakijiji. Kambi hujaa Juni na Desemba shule zinapofungwa, na miezi mingine hubaki na mlinzi peke yake, ilhali mshahara wake, kodi ya pango la ardhi na mabati yanayovuja havingoji likizo. Michango ya sharika imepungua, na katika kikao kilichopita baadhi ya wajumbe walipendekeza tuuze sehemu iliyo karibu na barabara ili tukarabati mabweni. Ninapinga, kwa kuwa fedha hizo zitaishia kwenye paa na ardhi haitarudi tena, lakini kupinga bila kuonyesha njia nyingine hakutoshi. Kwa wale mlioshirikiana na kijiji, shule au halmashauri: ni ushirikiano gani unaoleta fedha za kweli, na tuandike nini kwenye mkataba?

Wakili, Moshi

Pole na majukumu, mweka hazina. Kabla ya kuzungumzia fedha, angalieni hati na mipaka. Sheria ya ukomo humpa mwenye ardhi miaka 12 tu ya kwenda mahakamani kumdai aliyeingia katika ardhi yake, na kambi inayokaa kimya muda mrefu ndiyo humegwa polepole bila mtu kushtuka. Piteni mipakani pamoja na mwenyekiti wa kitongoji na majirani wenyewe. Mkimkuta mtu analima ndani, msikimbilie kumfukuza: mpeni mkataba wa msimu kwa maandishi, hata kwa ada ndogo, ambamo anakiri kwamba ardhi ni ya kambi. Hapo mvamizi amekuwa mpangaji, nanyi mmepata jirani anayelinda mpaka wenu. Mkataba huo ukubali mahindi, maharage na mboga, ukataze kahawa, parachichi na miti ya mbao, kwa sababu mazao ya kudumu huzaa madai ya fidia siku ya kuachana.

Jambo la pili ni nani anayetia sahihi kwenye mkataba. Ikiwa ardhi imeandikwa kwa jina la bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, mwenye mamlaka ya kuifunga kwa mkataba ni bodi hiyo, si kamati yenu.

Msimamizi wa kambi, Nyeri

Nakubaliana na wakili, ila naongeza kwamba ushirikiano unaodumu huanza kwa kuwauliza majirani wanakosa nini, wala si kwa kuwapelekea orodha ya bei. Kwetu kilichokosekana kilikuwa mahali pa kukutania wakati wa mvua. Kikundi cha akina mama sasa hutumia ukumbi bila malipo siku moja kwa wiki, nacho ndicho hupikia wageni wote wa kambi kwa mkataba, kikinunua sukumawiki, viazi na maziwa hapo hapo kijijini. Hatulipi wapishi wa kudumu miezi ambayo hakuna mgeni, na kila familia inayouza maziwa kambini ina sababu ya kutaka kambi iwepo mwaka ujao.

Katika bei tuna viwango vitatu: vijana wetu, majirani na shule za karibu, kisha mashirika na idara zinazofanya semina. Hao wa mwisho ndio wanaobeba gharama, lakini dai sehemu ya malipo kabla hawajafika, kwa sababu hati za malipo huchukua miezi. Fungu la kila malipo liingie moja kwa moja katika akaunti ya matengenezo ambayo kamati haiwezi kuigusa kwa ajili ya chakula au mafuta ya gari. Bila akaunti hiyo, mapato yote huliwa mwezi uleule yanapoingia, na bati linaendelea kuvuja.

Kalenda ya vijana ifungwe mwanzoni mwa mwaka, ndipo wengine wapewe siku zilizobaki. Na wiki ambayo watoto wako kambini, mgeni mwingine asilale humo hata akilipa mara mbili. Hilo kwetu halina mjadala.

Mtanzania, Uingereza

Huku mwaka 2023 Girlguiding, chama cha skauti wa kike, kilitangaza kuuza vituo vyake 5 vya kambi, vikiwemo Waddow Hall na Foxlease, ambacho kilikuwa mikononi mwake tangu 1922, kwa maelezo kwamba vilihitaji uwekezaji mkubwa. Watu wengi walisimama kuvitetea, ila walisimama baada ya uamuzi kutangazwa. Waiteni wanakijiji wenu sasa, mkiwa bado mna nafasi ya kuchagua, na mwape viti kwenye kamati.

Mweka hazina, Lushoto

Nashukuru sana. Vijana wa kijiji wameomba kuweka mizinga ya nyuki msituni mwetu, lakini hawana mtaji, nasi pia hatuna.

Afisa maendeleo ya jamii, Tanga

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hupewa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo deni litakuwa la vijana na kambi haitadaiwa. Ninyi toeni eneo kwa maandishi, kwa malipo ya sehemu ya asali kila mavuno, na muda wa makubaliano uzidi muda wa marejesho, maana si haki vijana waondolewe msituni wakiwa bado wanadaiwa. Waanze na ofisi ya kata, wakiwa na katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na barua yenu ya kuwaruhusu kutumia eneo.