Tupeane uzoefu: shairi na hadithi, kipi kinakutoa jasho zaidi?

Wakuu habari za jioni. Mi natunga mashairi na hadithi pia naandika, na najiona kama natumia vichwa viwili tofauti. Mama alipofariki nilianza na hadithi, nikafika ukurasa wa 6 nikakwama, kila niliyempa asome anauliza aliumwa nini, nani alikuwepo, mdogo wako alikuwa wapi, na mi sikuwa na nguvu ya kuyajibu hayo. Nikaacha. Siku moja nafunga duka ikanijia:

Mama ulipoondoka, nyumbani kulinyamaza
Kikombe ulikiweka, chai hukuimaliza

Nikahesabu kwa vidole, nane kwa nane, mizani (yaani silabi) 16 kamili kila mstari. Humo hamna ugonjwa wala hospitali na hakuna aliyeniuliza. Kwenu ikoje?

BintiWaPangani: Pole sana ndugu yangu, hicho kikombe kimenishika. Kwangu ni kinyume. Nilikuwa na shairi la beti 7 la baba, alikuwa mvuvi, nikampelekea mzee mmoja wa mtaani anayetunga tangu ujana wake, akaniambia vina vimekaa ila baba yako simuoni. Kweli bwana. Nilitaka kusema anarudi ananuka samaki, sasa kina cha kati, ile silabi ya kufungia nusu ya kwanza ya mstari, ni -ri, nikaishia kuandika "hodari". Baba hakuwa hodari, alikuwa anaiogopa bahari na bado anaenda kila siku! Hilo nimeliweza kwenye hadithi tu, maana ilibidi nimuonyeshe alivyokuwa anakaa mchangani muda mrefu kabla hajasukuma ngalawa.

Mshororo254: Mimi huandika mashairi huru na watu hudhani ni rahisi ati kwa sababu sihesabu mizani. Mjue hata Kezilahabi, yule mwandishi wa Tanzania, alikuwa ashatoa riwaya, Rosa Mistika 1971, ndo akaleta Kichomi 1974, kitabu chake cha mashairi huru, na wanaoshika vina na mizani wakapinga vikali kama hayo ni mashairi. Kwangu kazi iko pale unapokata mstari. Hadithi naiandika hata nikiwa kwa matatu, nikikosea leo kesho narekebisha aya moja zingine zinabaki, lakini shairi nikitoa neno moja lote linaporomoka, kuna moja nimelisoma kwa sauti wiki mbili kwa sababu ya neno "bado" pekee.

MamaKulwa: Mi utenzi tu, mizani 8 nimezoea, nakoroga uji huku natunga kichwani. Hadithi inataka nikae, na mwenye watoto wadogo anakaa saa ngapi?

Mwanzisha uzi: Asanteni sana. BintiWaPangani umenigusa na hiyo ngalawa. Ile hadithi naifungua tena usiku huu, ila naanza na mdogo wangu, alikuwa ndani ya basi bado hajaambiwa, na kwenye shairi hakuingia kabisa.