Makala ya Wikipedia si brosha! Watu wa kampuni ya spika wanafuta historia, sisi tunaambiwa tunaegemea upande

Wakuu, nimelivumilia hili wiki tatu, leo limenifika kooni.

Kuna makala ya Wikipedia kuhusu kampuni moja inayotengeneza spika, amplifaya na hedifoni. Jina nalihifadhi, maana tabia hii nimeikuta kwenye makala za kampuni za sauti zaidi ya moja, na sitaki tuishie kugombania chapa. Nilipoikuta ilikuwa mbegu (makala fupi ambayo haijakamilika) ya aya mbili, zote zikisomeka kama maandishi ya kwenye boksi: "ubora usio na kifani", "sauti safi kwa kila nyumba". Mimi ni fundi, hivi vitu navifungua na kuvifunga kila siku, nikasema makala hii naijenga. Usiku baada ya usiku nilichimba majarida ya zamani ya mambo ya sauti na magazeti ya biashara. Nikaandika nani aliianzisha kampuni, ilitengeneza nini kabla ya spika, ilibadilisha jina lini, iliuzwa kwa nani, kiwanda cha kwanza kilifungwa mwaka gani. Kila sentensi nikaipa tanbihi yake: jarida, toleo, ukurasa.

Asubuhi moja nafungua maangalizi yangu (orodha ya makala ninazozifuatilia), sehemu yote ya historia haipo. Imefutwa na akaunti yenye umri wa siku mbili, ambayo haijawahi kugusa makala nyingine yoyote. Muhtasari wa hariri unasema "kusasisha taarifa". Palipokuwa na historia sasa pana jedwali la bidhaa 17 na picha za studio.

Hilo jedwali ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kila spika imeandikiwa masafa ya 20 Hz (besi nzito kabisa) hadi 20,000 Hz (sauti nyembamba kabisa), basi. Haisemwi sauti inapanda au kushuka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi ndani ya masafa hayo, na bila hilo namba haina maana yoyote. Hata spika ya inchi 4 itatoa kitu kidogo kwenye 20 Hz ukiilazimisha. Swali ni imeshuka kiasi gani. Ikishuka desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Ikishuka desibeli 10, imebaki sehemu moja ya kumi, na besi unayoitafuta imepungua sana. Mtengenezaji mkweli anaandika masafa na mpaka wake wa desibeli pamoja. Hawa wameandika nusu ya kwanza na kuacha inayowabana.

Njoo kwenye wati. Kuna spika ya mezani imeandikwa wati 1,200, na pembeni herufi ndogo PMPO, yaani nguvu ya kilele cha muda mfupi mno. Mafundi wenzangu mnajua PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinapiga hesabu kinavyotaka. Adapta ya spika hiyo inatoa volti 12 na ampea 2. Zidisha: wati 24. Kifaa kinachopokea wati 24 hakiwezi kutoa wati 1,200 mfululizo, labda kiwe kinazizalisha chenyewe. Hesabu hiyo sikuiweka kwenye makala, kwa sababu ungekuwa utafiti wangu binafsi na kanuni zinaukataza. Niliiweka kwenye ukurasa wa majadiliano, kueleza kwa nini namba ile haifai kubaki bila chanzo huru. Hakuna aliyejibu hata neno moja.

Halafu kuna ile sentensi ya "kampuni ya kwanza duniani kuuza hedifoni za mgongo wazi", yaani zile ambazo vikombe vyake havijazibwa nyuma. Chanzo ni tovuti ya kampuni hiyohiyo. Kampuni ya Sennheiser walitoa HD 414, hedifoni ya mgongo wazi, mwaka 1968, kabla ya hawa, na mtu yeyote wa fani hii anaijua! Nilipoiondoa sentensi ikarudishwa, safari hii na vyanzo vitano. Nikavisoma vyote. Ni tangazo moja la kampuni lililonakiliwa na blogu tano, mpaka kosa la tahajia limenakiliwa. Hivyo ni chanzo kimoja, tena cha kampuni yenyewe.

Nikatengua (nikarudisha toleo la awali) mara mbili nikasimama, kwa sababu kanuni ya kutotengua zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 naijua na naiheshimu. Hapo akaja mhariri wa siku nyingi, mtu niliyetegemea angeelewa, akaniambia toleo langu "linaegemea upande hasi" kwa kuwa nimetaja kiwanda kufungwa na kampuni kuuzwa.

Hasi kwa vipi? Shure ilianza Chicago mwaka 1925 ikiuza vipuri vya redio, miaka mingi kabla ya maikrofoni yake ya SM58 ya 1966 iliyopo kwenye majukwaa mpaka leo. Sennheiser ilizaliwa 1945 ikiitwa Labor W, na baadaye biashara yake ya bidhaa za nyumbani ikaenda kwa kampuni ya Sonova. AKG, kampuni nyingine ya maikrofoni na hedifoni, ilianzia Vienna mwaka 1947, na 2017 shughuli zake za huko zikafungwa. Hayo yote ni historia, na hayajamdhalilisha mtu. Kutoegemea upande ni kuandika kile vyanzo huru vinachosema, kitamu na kichungu. Ukifuta kichungu peke yake, wewe ndiye umeegemea.

Na kulipwa kuhariri hakujakatazwa. Tangu 2014 masharti ya Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia, yanamtaka anayelipwa amtaje aliyemwajiri na mteja wake, kisha mwongozo unamshauri apendekeze mabadiliko kwenye ukurasa wa majadiliano badala ya kuivamia makala. Nimemuuliza mwenye akaunti ile mara tatu, kwa adabu, kama analipwa. Kimya, na bado anahariri.

Naomba msimtafute ni nani. Kumfichua mtu ni kosa kubwa kuliko lake. Wala siwaombi mje kwa wingi kutengua, hilo litatuharibia kesi. Kesho nawaandikia wakabidhi (wasimamizi wa Wikipedia), nitaweka tofauti za matoleo moja baada ya nyingine, wazisome wenyewe.

Ninachohitaji kwenu ni karatasi. Mwenye majarida ya sauti ya miaka ya 1970 na 1980, yenye majaribio ya maabara ya amplifaya na spika, aniandikie ndani nimtajie chapa na modeli. Nataka jina la jarida, toleo, namba ya ukurasa, na picha ya grafu ikionyesha mstari wa desibeli. Mabrosha ya kampuni msinitumie, ninayo ya kutosha.