Dogo kapata sheria Mlimani na Iringa, Ijumaa ndiyo mwisho. Jina la chuo lina uzito gani?

Fundi Spea wa Ipogolo:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), divisheni wani. Kachaguliwa sheria vyuo viwili: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chuo cha kanisa hapahapa Iringa. Anatakiwa athibitishe kimoja, dirisha linafungwa Ijumaa.

Ninayesomesha ni mimi. Nina duka la spea za pikipiki, mzee wetu alishatangulia. Akibaki Iringa atalala nyumbani na kula sufuria moja na sisi. Akienda Dar, chumba, msosi na nauli vyote juu yangu mpaka tujue Bodi ya Mikopo wanasemaje. Mjomba, aliyewahi kuwa karani wa mahakama, keshatoa hukumu: sheria bila Mlimani ni kupoteza muda, majaji wote wametoka pale. Dogo ukimuuliza anajibu "popote tu kaka", na hiyo popote yake naijua, ina mahali.

Mlio kwenye hii kazi, nisaidieni.

Ngosha wa Kisutu:
Mjomba kamaliza. Mlimani. Uzi ufungwe.

Joho Limepauka:
Usifungwe kwanza. Kitivo cha sheria Dar kilianza 1961, na kwa miaka kilikuwa peke yake Afrika Mashariki nzima. Waganda na Wakenya walikuja kusoma pale mpaka Makerere wakafungua chao 1968 na Nairobi 1970. Kwetu hapa Chuo Kikuu Huria kimeanza 1994, Mzumbe na vyuo vya kanisa vikafuata. Sasa jaji wa miaka sitini na kitu angesomea wapi? Kijiji chenye kisima kimoja, warefu kwa wafupi wote wamekunywa hapo. Huwezi kusema maji ndiyo yaliyowarefusha.

Halafu shahada peke yake haimpi mtu joho la uwakili. Tangu 2008 kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo pale Dar, na ndiko wote mnakokutana, wa Mlimani, wa Mwanza, wa Iringa, meza moja na mtihani mmoja. Matangazo ya Wakili wa Serikali au Hakimu Mkazi yasome vizuri: wanataka shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa, na uwe umepita Shule ya Sheria. Jina la chuo hulikuti.

Ngosha wa Kisutu:
Mkuu umejifunga mwenyewe. Matokeo yale ya Shule ya Sheria ya Oktoba 2022 umeyasahau? Watu 633, waliopita moja kwa moja 26. Sapu, yaani wa kurudia mitihani, 342, walioondolewa 265. Nchi ilizizima mpaka Ndumbaro, waziri wa sheria wa wakati ule, akaunda kamati ya kuchunguza chini ya Mwakyembe, waziri wa zamani. Mtihani ukiwa mgumu kiasi hicho, si ndiyo sababu ya kutafuta chuo kinachomwandaa mtoto vizuri?

Joho Limepauka:
Kati ya hao 607 waliokwama unadhani hakukuwa na wa Mlimani? Mimi wa Mlimani na sapu mbili nimekula, na sikumlaumu mtu, nilizoea kusoma kwa madesa, notsi za kunakiliana. Niliyepanga naye chumba alitoka chuo cha mkoani ambacho hata kukitamka nilikuwa nakosea. Yule bwana alikuwa anasoma hukumu nzima kutoka TanzLII, ule mtandao wa hukumu za mahakama, kurasa arobaini, anaandika pembeni kwa penseli. Alipita bila sapu.

Mama Kizibao:
Nina ofisi ndogo ya uwakili, tuko wanne. Niwaambie ninavyoajiri. Mara ya mwisho niliita vijana watatu, nikawapa hati ya kiapo yenye kasoro na nusu saa. Wawili walikuwa na vyuo vya kutambia. Walinirekebishia lugha, vizuri kabisa, mpaka nukta na mkato. Wa tatu, binti aliyesoma mkoani, aligeuza ukurasa wa mwisho kwanza, akaniambia: "Hapa haionyeshi kimeapwa wapi wala tarehe gani, hiki kitatupwa." Kifungu cha 8 cha sheria ya makamishna wa viapo kinadai mahali na tarehe. Nilimchukua kabla hajamaliza chai.

Ila nisikudanganye, mwanangu. Mimi nina muda wa kuwapima watatu. Ofisi kubwa yenye rundo la barua haina, kwa hiyo inachuja kwa jina la chuo na GPA. Si haki, lakini ndivyo ilivyo.

Fildi Bila Posho:
Mama kasema kweli tupu. Mimi si wa Mlimani. Nilipeleka barua ofisi moja kubwa mjini, dada wa mapokezi akaangalia mstari wa chuo tu, akaiweka kwenye trei ya pili. Trei ya kwanza niliiona kwa macho yangu. Nilienda kuanzia kwa wakili mmoja mwenye meza mbili na feni bovu. Mwezi wangu wa tatu kazini nilikuwa nasimama mahakamani kuomba ahirisho. Wenzangu wa trei ya kwanza walikuwa bado wanapanga mafaili.

Mlimani wanachotuzidi ni watu. Kundi lao la darasa la WhatsApp lina hakimu, mwanasheria wa benki, mtu wa wizarani. Kazi inatajwa mle kabla haijatangazwa popote.

Mdau wa Parklands:
Nawasoma kutoka Nairobi. Huku pia ni yaleyale: utoke chuo chochote, utapitia Kenya School of Law na mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria. Ila hiyo Mlimani yenu msiidharau. Willy Mutunga alisomea sheria pale, akaja kuwa Jaji Mkuu wetu 2011.

Joho Limepauka:
Bado ni zama za kisima kimoja, ndugu yangu. Alihitimu 1971.

Mdau wa Parklands:
Hehe, hapo umenishika.

Mkimbizi wa Mwendokasi:
Kitu kingine: akiwa Mlimani anashuka Ubungo, anapanda mwendokasi, anateremka Kivukoni na kukaa Mahakama Kuu kusikiliza kesi asubuhi nzima.

Mama Kizibao:
Iringa nako Mahakama Kuu ipo, na mwanafunzi anayekaa nyuma wiki ya pili mawakili wanaanza kumuuliza jina. Dar atakaa mwaka mzima, hakuna atakayemjua.

Fundi, chochote utakachoamua, anza kuweka akiba ya Shule ya Sheria sasa. Ina ada yake, na Iringa au Mlimani, kwenda Dar atakwenda tu.

Fundi Spea wa Ipogolo:
Mrejesho. Hili la Shule ya Sheria sikulijua kabisa, mjomba hakulitaja. Jana usiku nikapiga hesabu, nikaona nimbakize hapa, hela ya chumba niiweke kwa ajili ya huko mbele. Nimemwita dogo nimweleze, akainamisha kichwa. Kumbe tangu Jumanne keshathibitisha kwa simu ya mama. Mlimani.

Nilinuna kama saa moja hivi. Sasa mwenye kujua chumba cha binti maeneo ya Changanyikeni au Msewe, chenye maji ya uhakika, aje PM.

Ngosha wa Kisutu:
Si nilisema uzi ufungwe? Njoo PM, shangazi yangu ana chumba Msewe. Miezi mitatu kwa mkupuo, habembelezwi.