Kufokewa na kubezwa si usimamizi: ofisi yetu hapa bandarini Tanga sasa inalipia woga

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa na hasira, ingawa nimesubiri siku nne ili hasira hiyo isinifanye nikamsingizia mtu. Ninafanya kazi katika ofisi ya ugomboaji wa mizigo, yaani ya kuwatolea wateja mizigo yao forodhani na bandarini, hapa Tanga, hatua chache kutoka lango la bandari, na huu ni mwaka wangu wa 11 kwa mwajiri huyohuyo. Ninasimamia dawati la nyaraka, lenye watu wanne. Ofisi siitaji na jina la mtu silitaji, kwa kuwa ninachokilalamikia ni namna ya kusema na wafanyakazi ambayo imezoeleka mpaka ikahesabiwa kuwa ndiyo kazi ya meneja.

Jumatatu iliyopita, binti mmoja wa dawati langu, mwenye mwaka mmoja na nusu kazini, aliitwa na meneja mbele ya madereva wawili, mteja mmoja na mama anayetuletea chai, akaulizwa kwa sauti iliyosikika hadi barabarani kama shuleni alikwenda kusoma au kunywa uji. Uzito ulioandikwa kwenye hati ya shehena haukulingana na uzito wa kwenye orodha ya vifungashio, tamko la forodha likarudishwa kwa marekebisho, siku za mzigo kukaa bandarini bila malipo zikaisha, na kontena likaendelea kukaa bandarini huku storeji, yaani ada ya kuhifadhi mzigo, ikihesabiwa. Kosa lilikuwepo, na sina nia ya kulifunika. Lakini nilipokaa na yule binti baadaye, wenzake wakiwa wametoka kula, aliniambia jambo ambalo limeninyima usingizi: tofauti ile aliiona Alhamisi, saa 4 asubuhi, kabla tamko halijawasilishwa. Aliiona, akainuka kwenda kusema, akafika mlangoni kwa meneja akamsikia akimwambia mwenzake, "Nyie watoto mpaka mtafuniwe," akarudi kukaa. Akajipa moyo kwamba huenda uzito mmoja ulijumuisha kontena lenyewe na mwingine haukujumuisha, dhana ambayo haikuwa ya kijinga, maana kontena tupu la futi 20 lina uzito wa zaidi ya tani 2. Kisha akamwomba Mungu lipite salama. Nimeyaandika haya kwa ruhusa yake.

Dakika tano za mazungumzo ya kawaida, siku ya Alhamisi, zingemwokolea mteja fedha zake. Hazikupatikana kwa sababu mlango ule umekuwa mlango wa kuaibishwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayejipeleka kwenye aibu kwa hiari yake. Meneja, kwa upande wake, alihitimisha kwamba hatufokewi vya kutosha. Alisema hivyo waziwazi: "Mkifokewa ndipo mnakuwa makini." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Umakini ninaujua, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mtu makini husoma hati mara mbili, huuliza pale asipoelewa, na akimaliza huifunga akashika nyingine. Kinachopandwa ofisini kwetu ni kukaa roho juu. Nikimtuma kijana bandarini, hupigiwa simu na meneja kabla hajafika getini, hupigiwa tena akiwa kwenye foleni, kisha hutakiwa apige picha ya foleni hiyo na kuituma ili ithibitike kwamba ipo. Ujumbe ukionekana umesomwa, tiki zikageuka bluu, na jibu likachelewa dakika mbili, unafuata mwingine wa alama za kuuliza peke yake. Siku nzima watu wanasikiliza simu badala ya kusoma hati. Ninawaona wakishtuka mlango unapofunguliwa. Nami, ambaye nimekwishavuka miaka 40, nimejikuta nikisoma ujumbe wa maneno matatu mara tano, nikitafuta kama umeandikwa kwa hasira au la, wakati tamko liko wazi kwenye kompyuta mbele yangu na sijui nimefikia mstari gani.

Mwili una kanuni zake katika jambo hili. Mtu anapohisi kutishiwa, adrenalini humwagika kwenye damu, moyo hukimbia, na akili hujielekeza kwenye kitisho. Hali hiyo ikidumu siku baada ya siku, homoni ya kortisoli nayo hubaki juu, usingizi huharibika, na uwezo wa kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja hupungua. Kulinganisha hati tatu za mzigo mmoja kunahitaji uwezo huohuo hasa. Kwa hiyo anayetufokea ili tusikosee tarakimu anatunyang'anya kile tunachotumia kuzuia makosa ya tarakimu.

Waliotengeneza mifumo ya kazi hii walilielewa hilo zamani. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zote zilizotangulia, ili mtu akigeuza nafasi za tarakimu mbili katikati, kosa liweze kuonekana mapema. Walichukulia kwamba binadamu atakosea, wakaweka njia ya kosa kujitokeza. Sisi njia hiyo tumeiziba kwa maneno.

Nimesoma pia kuhusu Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika wodi za hospitali. Alitarajia kwamba wodi zenye uhusiano mzuri kati ya wauguzi na viongozi wao zingekuwa na makosa machache, lakini takwimu zikamwonyesha kinyume, kwamba ndizo zilizoripoti mengi zaidi. Alipolichunguza zaidi akaona maelezo: katika wodi hizo watu waliweza kuyasema makosa yao, na katika zile nyingine waliyaficha. Nilipofika hapo niliiweka simu mezani nikamkumbuka binti yule amesimama mlangoni siku ya Alhamisi.

Sasa nije kwenye dharau, ambayo kwangu inauma kuliko kelele, kwa kuwa kelele hupita na dharau hubaki na mtu mpaka nyumbani. Tunaye mzee wa miaka 57 aliyeanza kazi hii wakati mizigo ikiletwa kwa matishari kutoka meli zilizotia nanga nje, mtu anayeweza kuitazama hati akakwambia itakwamia wapi. Meneja, ambaye ni wa umri wa wanawe, humwita "babu". Neno hilo kwa kinywa cha mwenye adabu ni heshima kubwa; yeye hulitamka kwa namna inayowafanya madereva wacheke, kisha huongeza, "Unaelewa lakini, babu?" baada ya kila sentensi, kana kwamba anamweleza mtoto wa chekechea. Mzee hujibu, "Naelewa, bosi," anarudi kwenye kiti. Zamani alikuwa akitufundisha. Siku hizi hasemi kitu, na hatuwezi kumlaumu. Katika mji ambao kijana akipita barazani pasipo kuamkia wakubwa huulizwa ni mtoto wa nani, sisi tunaliona hili kila siku saa za kazi na tunanyamaza kwa ajili ya mshahara.

Kisha kuna mafumbo. Sisi watu wa Pwani tumelelewa na mafumbo, tunayavaa kwenye kanga na kuyasikia kwenye taarabu, na huko yana utamu wake. Kazini fumbo ni balaa, kwa sababu halimwambii mtu kosa ni lipi. Mwezi uliopita, saa 3 usiku, uliingia ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp: "Kuna mtu hapa anataka kuniua kwa presha, na anajijua." Tuko saba katika kundi lile. Kila mmoja alijijua yeye. Tulipigiana simu hadi usiku wa manane, mwenzetu mmoja akatoka Makorora kwa bodaboda akaja kufungua ofisi ili akague faili zake, na asubuhi ikabainika kwamba kilichomkera ni risiti ya mafuta ya pikipiki isiyoambatanishwa kwenye hesabu. Watu saba hawakulala kwa risiti moja ambayo ingeweza kuulizwa kwa sentensi moja, kwa mhusika mmoja, saa 2 asubuhi.

Kwa haki, niseme na upande wake. Tangu gati lilipoboreshwa na meli kuanza kufunga hapohapo, kazi imeongezeka na wateja wa Arusha na Moshi wanataka mizigo yao kwa haraka ambayo hatukuizoea. Mwenye kampuni hayupo Tanga. Humpigia meneja kila jioni, na nimewahi kumkuta meneja amekaa ndani ya gari baada ya simu hiyo, taa zimezimwa, hashuki wala haondoki. Naye anakaa roho juu. Woga wake unatoka juu, unapita kwake, unatushukia sisi, na haukomei kwetu. Wiki mbili zilizopita nilimuuliza mwanangu wa miaka tisa kuhusu hesabu zake, nikamsikia mtu akisema, "Nimeshakwambia mara ngapi?" na mtu huyo alikuwa mimi, kwa sauti ileile ya ofisini. Kesho yake nililikuta daftari lake chini ya godoro. Nalo lilikuwa na makosa ambayo ningeweza kumsaidia.

Kuuelewa woga wake hakunifanyi niukubali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhesabu mfanyakazi aliyejiuzulu kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike kuwa ameachishwa, na mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, uko wazi kwake ndani ya siku 30. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 nazo zinamtaka mwajiri anayeona mfanyakazi hafikii kiwango achunguze sababu, ampe maelekezo na mafunzo, na ampe nafasi ya kurekebika. Kuuliza mbele ya muuza chai kama mtu alikwenda shule kunywa uji si uchunguzi wa sababu. Hata hivyo sitaki kufika kwenye Tume. Ninaipenda kazi hii na ninataka tuifanye vizuri.

Ninachokitaka ni kidogo, na kinaweza kuanza kesho. Mtu aitwe ndani, mlango ufungwe, aambiwe: "Hati ya mzigo huu inasema tani 24, orodha inasema 21, tofauti hii imetoka wapi?" Sentensi hiyo ina kosa, ina hati, ina swali, na haina tusi wala huruma ya bandia. Anayejibu ataeleza, na katika maelezo yake meneja atajua kama tatizo ni uzembe, ni mfumo, au ni msafirishaji wa ng'ambo aliyejaza vibaya. Kijana aliyetumwa bandarini apige simu saa 4 na saa 9, na mara moja zaidi likitokea la kutokea, na katikati aachwe afanye kazi. Mwenye kuleta kosa lake mwenyewe aambiwe kwanza kwamba amefanya vyema kulileta. Mzee wetu aitwe kwa jina lake, au aitwe Mzee, kama wote tunavyomwita.

Najua wapo watakaosema kwamba hapa ninatafuta kudekezwa. Si hivyo. Anayerudia kosa aandikiwe onyo, na onyo lililoandikwa kwa maneno matulivu, lenye tarehe na hati husika, lina uzito kuliko kelele za mwaka mzima ambazo watu wamekwishajifunza kuziacha zipite. Niliyemwona mkali kuliko wote katika kazi hii alikuwa msimamizi wangu wa kwanza, ambaye hakuwahi kupaza sauti. Akikuita ulijua una kosa, na ukitoka kwake ulijua ni lipi na ulirekebishe vipi.

Jumatano nilianza kwenye dawati langu mwenyewe, kwa kuwa huko sihitaji ruhusa. Niliwaambia wenzangu wanne kwamba atakayeona tofauti yoyote aje nayo kwangu saa hiyohiyo, na kwamba swali langu litakuwa kuhusu hati. Nikamwomba radhi binti yule, maana mlangoni kwangu pia angeweza kuja Alhamisi ile na hakuja, na hilo nalihesabu juu yangu. Kufikia Ijumaa mchana nilikuwa nimeletewa tofauti tatu. Moja ilikuwa jina la mpokeaji lililoandikwa kwa namna mbili, jambo ambalo lingetukwamisha vibaya, na aliyelileta ni yeye.

Meneja nimemwomba nusu saa Jumatatu, saa 1:30 asubuhi, kabla simu hazijaanza kulia, na amekubali ingawa ameuliza mara mbili kuna nini. Ninaogopa, siwezi kusema vinginevyo, kwa sababu nina watoto wanaosoma na kodi ya nyumba. Wenzangu ambao mmewahi kuketi na mkubwa wa namna hii mkayasema haya bila ugomvi, naomba mniambie mlianza na maneno gani. Mimi nimeandika sentensi moja tu kwenye karatasi: "Meneja, tofauti ile ya uzito ilionekana Alhamisi, na ninaomba nikueleze kwa nini haikukufikia."