Kominkan, shule ya usiku au Chuo Kikuu Huria: mgeni Japani aanzie wapi?

MkaziSaitama: Ndugu zangu mnaoishi Japani, salaam. Mke wangu amejiunga nami huku Saitama akiwa ameishia darasa la saba nyumbani Tanzania, naye anatamani sana kujua Kijapani na kuendelea na masomo. Nimetajiwa njia tatu za umma: kominkan, sekondari ya usiku na Chuo Kikuu Huria cha Japani. Naomba mnilinganishie.

MamaChiba: Kaka, mpe shemeji pole ya safari. Mimi nilianzia kominkan, lile jumba la elimu ya jamii la mtaani, ambalo mpango wake ulitangazwa mwaka 1946 na kuwekewa msingi katika Sheria ya Elimu ya Jamii ya 1949. Darasa letu la Kijapani lilikuwa la saa mbili kwa wiki, kwa mchango mdogo, na waliotufundisha ni wazee wa kujitolea. Tulivua viatu mlangoni, tukaketi juu ya tatami, ile mikeka minene ya Kijapani, na bibi mmoja akanishika mkono wenye kalamu mpaka ile "a" ya hiragana, herufi za Kijapani za kuandika sauti, ikazunguka inavyotakiwa. Baada ya mwaka niliweza kusoma ratiba ya kutupa taka bila kumsumbua jirani. Cheti, hata hivyo, hakuna.

MsomiWaUsiku: Namheshimu dada, lakini kwa shemeji ningeanzia shule ya usiku, kwa sababu ni sekondari ya chini kamili ya umma: masomo hayana ada, vipindi ni jioni siku tano kwa wiki, na anayehitimu anaweza kufanya mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Elimu ya lazima Japani ni miaka 9, naye shemeji amesoma miaka 7, kwa hiyo yumo miongoni mwa watu ambao shule hizi zimewekwa kwa ajili yao. Sheria ya mwaka 2016 ndiyo iliyozisukuma serikali za mitaa kuziongeza. Mkoa wa Saitama haukuwa na hata moja mpaka mji wake wa Kawaguchi ulipofungua yake Aprili 2019. Darasani kwangu, kijana wa Kinepali huketi na mzee wa Kijapani ambaye utotoni hakupata kusoma, na husahihishiana kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina.

KidatoChaNne: Nathibitisha hilo la miaka. Mimi niliomba nikiwa na cheti cha kidato cha nne nikaambiwa nimeshavuka kiwango, na iliniuma, kwani nilichohitaji ni lugha tu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 1985, hakina mtihani wa kuingia, ila mihadhara ni ya Kijapani na shahada inadai krediti (vipimo vya masomo) 124. Kisubiri.

MamaChiba: Msisahau maktaba za umma, ambazo kwa sheria ya 1950 haziruhusiwi kutoza chochote kwa kusoma wala kuazima. Aanze na vitabu vya watoto vyenye furigana, yaani hiragana ndogo kandokando ya kanji.

MkaziSaitama: Ahsanteni sana. Jumatatu tutakwenda kwenye halmashauri ya elimu ya mji kuulizia shule ya usiku, na Jumamosi atakuwa kominkan. Je, cheti cha darasa la saba kitahitaji tafsiri?

MsomiWaUsiku: Changu nilikitafsiri mwenyewe kwa msaada wa mwalimu wa kominkan, nikakipeleka pamoja na cheti halisi, kikapokelewa. Waulizeni kwanza wanachokubali kwenu.