Naiti wodi ya wazazi Kigoma, wenzangu mnalalaje?

Jamani habari, mi nesi hapa Kigoma, mwezi huu nimepangiwa naiti kumi na wodi tuko wawili tu, asubuhi nikifika nyumbani Mwanga nalala masaa mawili nashtuka kama nasikia kichanga kinalia kumbe jirani anafagia uwanja, juzi mwanangu kamwaga uji nikamfokea mpaka nikalia mwenyewe. Mnafanyaje?

Mama J: Pole sana mdogo wangu, hiyo sio roho mbaya ni uchovu. Mi nimekaa leba miaka sita, tundika kitenge kizito dirishani, zima simu, chai ya rangi mwisho saa nane usiku. Na usikae nalo moyoni, mwambie inchaji wako, yule msimamizi wa wodi.

Mzee wa Ujiji: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, kila saa ya usiku nyongeza isipungue asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa hiyo, na mapumziko masaa 12 mfululizo kabla hujarudi kazini. Angalia salary slip yako dada.

Muulizaji: Asanteni, kitenge nakitundika leo leo, inchaji namfuata Jumatatu.